Siku Niliyokatazwa Kukasirika

Watu wa nyumbani kwangu wanasema nina hasira. Si kweli. Nina maneno, na maneno si hasira; ila mtu akiniudhi, maneno hutoka na sauti. Mume wangu, niliyeishi naye miaka thelathini na ushei, ana desturi ya kunyamaza nikisema, na kunyamaza kwake ndiko kunakonifanya niseme zaidi. Wifi yangu, dada yake, aliyerudi kuishi nasi hapa Bagamoyo tangu alipofiwa na mumewe, yeye hanyamazi. Yeye husonya. Msonyo wa wifi yangu huanzia jikoni, ukapita sebuleni, ukaishia barazani, na wapita njia huugeukia kutazama nani amekosewa.

Nayasema haya mapema kwa sababu maradhi yangu yalipoanza, nyumba nzima ilikubaliana kwamba chanzo ni ulimi wangu.

Maradhi yenyewe ni mawili, na hayasalimiani. Ya kwanza ni ya viungo. Daktari wa Dar alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, badala ya kupiga wezi inawapiga wenye nyumba. Nikamwambia hiyo sisi tunaijua toka zamani, kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi vidole vinaamka vimevimba, vigumu, siwezi kufunga kifungo, siwezi kumenya kitunguu, na kikombe cha chai nakishika kwa viganja viwili kama nakiombea dua. Ya pili ni ya moyo. Huo hudunda vizuri siku tatu, nne, halafu ghafla unakwenda mrama: unaruka pigo, unayapiga matatu kwa mpigo mmoja, unatulia kidogo kana kwamba unawaza jambo, kisha unaanza upya kwa mbio. Kichwa kinakuwa chepesi, na mimi nakaa chini hapohapo nilipo. Nimewahi kukaa katikati ya soko juu ya gunia la mchele la watu, na mwenye gunia akaniuliza kama nimelipenda.

Kwa maradhi ya viungo nilipewa vidonge vidogo vyeupe. Nilipoanza kuvimeza uvimbe ukashuka, maumivu yakapungua, nikarudia kazi yangu.

Kazi yangu ni kushona kofia. Si kwa cherehani. Kwa sindano, kitobo kimoja kimoja. Unachora maua kwenye kitambaa cheupe, unatoboa, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kiwe jicho duara, safi. Kofia moja ina vitobo mamia na inaweza kula mwaka. Kwetu mke humshonea mumewe. Mimi wangu nilimshonea ya kwanza tukiwa bado wachumba, akaivaa mpaka ikageuka rangi ya chai. Nyingine nilikuwa nimemwahidi kabla vidole havijakakamaa, na ilikuwa imelala kwenye kapu haijafika hata robo. Vidonge vilipoanza kazi nikaitoa. Kwa miezi minane nikashona kila siku baada ya kufungua kinywa mpaka adhuhuri, nikala, nikalala kidogo mchana, nikaamka na kuitazama kazi yangu. Na kazi ilikuwa nzuri, mashallah! Vitobo vimekaa sawasawa kama meno ya mtoto. Kila mgeni alionyeshwa. Wifi nilimwonyesha mara mbili kwa siku. "Tazama, wifi," nilimwambia, "hii ndiyo kazi. Si kama wewe, ulishona foronya ikafanana na gunia la mkaa." Wifi akasonya, akaenda zake.

Sasa moyo ulipozidi kwenda mrama, daktari akaniita. Alikuwa kijana, ana adabu, kila mara ananiamkia kabla sijakaa. "Mama," akasema, "hivi vidonge vyeupe huenda ndivyo vinavyouchokoza moyo wako. Nataka kuupima siku nzima, usiku na mchana. Ukitulia, tutaendelea navyo, maana umesema vimekurudishia mikono. Ukienda mrama, itatubidi tuvipunguze kidogo kidogo mpaka tuviache, na mikono inaweza kurudi ilikotoka."

Mimi nikaelewa hivi: nina mtihani wa siku moja. Nikifaulu, nabaki na mikono yangu. Nikifeli, kofia ya mume wangu inarudi kapuni na mimi narudi kufungwa vifungo na watu.

Saa nne asubuhi muuguzi akanibandika nyaya tano kifuani, akaziunganisha na kimashine kidogo kama redio ya mfukoni, akakifunga kiunoni chini ya dera. Akanipa daftari. Kila nikifanya jambo niandike saa na jambo lenyewe, nirudi kesho saa nne. "Ishi kama kawaida yako," akasema. Mume wangu aliposikia "kawaida yako" alimeza mate.

Tulikuwa tumekodi gari. Tulipofika karibu na Kerege, mume wangu, ambaye tangu Dar hakuwa amesema kitu, akakohoa.

"Mke wangu, leo usikasirike."

"Nani amekasirika?"

"Hakuna. Nasema leo."

"Na mimi nakuuliza, nani amekasirika?"

Akageuka kutazama dirishani. Lakini nikajishika, kwa sababu niliusikia moyo chini ya zile nyaya, na nikawaza vidole vyangu. Nikafungua daftari nikaandika: Saa tano na nusu. Kerege. Sijakasirika.

Tulifika nyumbani adhuhuri. Mume wangu hakuingia hata ndani, alipitiliza msikitini. Alichokisema huko sikuambiwa siku hiyo, nilikuja kukiokota baadaye kwa vipande. Baada ya swala alisimama, yeye asiyesimama mbele za watu, akasema: "Ndugu zangu, mke wangu hali yake mnaijua. Nawaombeni, yeyote mwenye neno naye amwachie. Asiudhiwe. Ni mpaka kesho saa nne asubuhi tu, basi." Akakaa. Mashine hakuitaja, kwa sababu aliona haya kuzungumzia kifua cha mkewe mbele ya wanaume.

Huku kwetu watu huombana radhi wakienda hija, wakiukaribisha mwezi wa Ramadhani, na wakifa. Hija siendi, na Ramadhani ilikuwa imekwishapita. Halafu bwana yule akaweka na saa! Kabla ya kuliwa chakula cha mchana, mji ulikuwa umeshajua kwamba daktari wa Dar amenipa mpaka kesho saa nne.

Mimi nimekaa sebuleni, sina habari. Nasikia hodi. Ni jirani yangu, tunachangia ukuta, ameingia amejitanda kanga mpaka puani. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kwenye mkeka, miguuni pangu, akaanza kupangusa macho.

"Dada, nisamehe."

"Una nini tena?"

"Sufuria."

Lo! Miaka sita nyuma sufuria langu kubwa la shughuli lilipotea kwenye harusi. Nililitafuta mtaa kwa mtaa. Mwanamke mmoja wa Dunda nilimshuku, nikamwambia maneno, na mpaka siku ile tulikuwa hatusalimiani, tukikutana kila mmoja anatazama bati lake.

"Ninalo mimi," jirani akasema. "Nililipaka masizi usilijue. Hata ile pilau ya Maulidi uliyoisifu—"

"Niliyoisifu!"

"Ilipikwa humo, dada."

Nilisikia maneno yakipanda, yamejipanga tayari, lile la kwanza limeshafika kooni. Nikaushika ule waya chini ya dera. Nikawaza kofia. Nikayameza maneno moja moja kama vidonge, nikasema kwa sauti nisiyoijua: "Nimekusamehe."

"Na mfuniko wake?"

"Na mfuniko."

Akanibusu mkono, akaondoka akilia. Hakusema atalirudisha lini, na nilistaajabu. Nikaandika: Saa nane kasoro robo. Nimekaa. Nimesamehe sufuria.

Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Saa tisa akaja mwenye duka la nyuzi na vitambaa. Ni Mhindi wa hapahapa, babu yake alizaliwa kwenye nyumba hiyohiyo yenye duka, na mimi nimenunua uzi kwao tangu enzi za baba yake. Alikuja na boksi zima la uzi mweupe, akaliweka mapajani pangu.

"Mama, kila nilipokuambia uzi mweupe umekwisha, haukuwa umekwisha."

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani. Hata mimi nilikuwa dukani. Nikikuona unavuka barabara, najificha chini ya meza, mke wangu anakuambia nimekwenda Dar."

"Kwa nini, baba?"

Akatazama chini. "Unashika kila kibunda. Unakinusa. Unaniambia marehemu baba yangu alikuwa na uzi bora kuliko wangu. Halafu unanunua kimoja."

Nilivuta pumzi kama alivyonifundisha muuguzi. "Baba yako alikuwa na uzi bora," nikamwambia kwa upole.

"Najua, mama," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Nikaandika: Saa tisa na dakika kumi. Mwenye duka. Kumbe hakuwa Dar.

Wakaja na wengine. Mmoja alikuwa ameniombea dua mbaya, akaja kuifuta. Mwingine alikiri kuwa ndiye aliyeanzisha jina ambalo mtaa mzima huniita nikiwa sipo, na aliponitajia jina lenyewe nikaona lingeweza kuwa baya zaidi. Niliwasamehe wote. Nilisamehe mpaka taya zikauma. Wifi yangu alikuwa akipita na trei ya maji, akisikiliza, na jambo la ajabu ni kwamba alasiri nzima ile hakusonya hata mara moja.

Kitendawili kiliteguliwa na shangazi yangu wa Kerege. Yule ni dada wa marehemu baba yangu, mtu mzima sana, na habari ilimfikia kwa simu. Nilimsikia kabla sijamwona: kilio kilianzia kwenye kona, kikaja kikipanda, kikaingia mlangoni. Mkono mmoja ameshika furushi la nguo, mkono mwingine mwiko wake wa kupikia, ule mkubwa, kwa maana shangazi hapiki matanga kwa mwiko wa watu. Akanikuta nakula muhogo wa nazi. Kilio kikakatika katikati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akanitazama. "Mbona unakula?"

"Nina njaa."

"Wameniambia mpaka kesho saa nne."

"Mpaka kesho saa nne nini?"

Hapo ndipo tulipoelezana. Nilimfunulia dera nikamwonyesha nyaya. Alipoelewa kwamba ni mashine tu, hakufurahi kama nilivyotegemea. "Nimeacha maharage motoni!" akasema. "Nimekuja na mwiko!" Kisha akakaa, akaufikiria mwiko wake, akasema atalala hapahapa. Kesho saa nne ikipita ndiyo atajua moja. Daktari ni daktari.

Nikamwita mume wangu kwa sauti ya asali. Miaka yote nimempigia kelele hajawahi kutetemeka, lakini ile sauti ya asali alitetemeka.

"Uliwaambiaje watu?"

"Niliwaomba wasikuudhi."

"Na mashine?"

"Ningesemaje, mke wangu? Nisimame niseme mke wangu ana nyaya kifuani?"

Nikamtuma arudi msikitini magharibi akaisahihishe habari. Akaenda, akasimama tena, akasema mke wake haumwi kiasi hicho. Watu wakamshika bega, wakamwambia ajikaze, sote njia yetu ni moja.

Basi wakati yeye yuko huko, na shangazi yuko chumbani anasali, wifi yangu akaingia sebuleni na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Akakaa mbele yangu. Hakusonya. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku nzima.

"Wifi," akasema, "kesho daktari atakuuliza kama vidonge vinakusaidia mikono."

"Vinanisaidia. Kofia nimeshaitia kwenye mfuko, nampelekea aione kwa macho yake."

"Usimpelekee."

"Kwa nini nisimpelekee?"

Alizungusha kikombe. "Vile vitobo si vyako."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama uso, hakuna utani.

"Mchana ukilala," akasema, "huwa naitoa kapuni. Vilivyokaa upande navifumua kwa wembe, nashona upya. Halafu nairudisha ulivyoiacha, sindano palepale ulipoichomeka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Miezi minane! Miezi minane nimeizungusha kofia ile mtaani, nikimwonyesha yeye mwenyewe kazi yake, nikimtukania foronya. Maneno yalinijaa, sikujua nianze na lipi. Wifi akainua kiganja.

"Najua unataka kunitukana na mashine inakuzuia. Sikuchagua leo kwa ajili hiyo. Hao wengine wamekuja kwa sababu wanadhani utakufa. Mimi nimekuja usije ukafa. Daktari akiiona ile kofia atasema vidonge vimeponya mikono, atakuachia uendelee navyo, na moyo wako hauvitaki. Sitaki niwe nimekuua kwa sindano."

"Nani alikutuma ushone?" nikasema. Nilitaka itoke kwa ukali, ikatoka nyembamba.

"Siku ile ya kwanza ulishona vitano, vyote vimekwenda kombo. Ukavitazama, ukalia. Ulidhani niko uani." Akanywa chai kidogo. "Mimi matusi yako nimeyazoea, wifi. Kilio chako sikijui. Nikaona bora nishone."

Nikaitoa kofia kwenye mfuko. Nilikuwa naona aibu hata kuishika. Kofia ya mume wangu, ahadi yangu, na uzi wote ni wa mkono wa dada yake!

"Vyote ni vyako?"

"Si vyote." Akavaa miwani, akaigeuza kofia, akailetea taa karibu. "Hiki chako. Na hiki. Na hapa nyuma hivi. Saba."

"Hivi mbona hukuvifumua?"

"Vilikuwa vizuri," akasema.

Nililia. Sikulia kwa hasira wala kwa kusamehe, nililia kwa ajili ya vidole vyangu, vilivyokuwa vimelala pale mapajani vimepinda kidogo, ambavyo miezi minane nilikuwa nikivisifu kwa kazi isiyo yao. Wifi hakunigusa wala hakuniambia nyamaza. Alimalizia chai yake, akachukua na yangu, akaondoka. Daftarini niliandika: Saa kumi na mbili na nusu. Mbele yake sikuandika kitu.

Asubuhi tulimrudisha shangazi kwake njiani, akashuka Kerege na mwiko wake, akaniamuru nimpigie simu saa nne na dakika moja. Saa nne nikavuliwa nyaya. Saa nne na dakika moja nikampigia. "Nipo," nikamwambia. "Haya," akasema, akakata.

Tulisubiri mpaka mchana. Daktari aliniamkia, akafungua karatasi zake na lile daftari langu, akawa anasoma kimoja na kulinganisha na kingine. Mara akauma mdomo.

"Mama, sufuria ni nini?"

"Endelea tu, mwanangu. Moyo ulikuwaje hapo?"

"Safi."

"Na saa tisa na dakika kumi?"

"Safi. Mchana wote safi. Hapa saa kumi na mbili na nusu umeacha wazi, lakini napo safi."

"Kwa hiyo haukwenda mrama?"

"Umekwenda, mara mbili, na mara ya pili kwa muda mrefu. Alfajiri. Ulikuwa umelala fofofo."

Nilimwomba arudie, kwa sauti. "Kwa hiyo si hasira?"

"Si hasira, mama. Moyo wako hauna habari na ugomvi wako. Ungeweza kugombana siku nzima."

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anaitazama feni ya darini. Miaka yote ile nimeambiwa ni ulimi wangu! Na jana nzima nimewasamehe watu bure, kumbe ningeweza kumwambia kila mmoja lake, moyo usijue! Furaha ile sijaipata hata siku ya harusi yangu, lakini haikudumu, maana daktari alikuwa bado anasema.

"Sasa sikiliza. Kwa hali hii mimi ningevipunguza vile vidonge. Lakini kama kweli vimekurudishia mikono, nitajaribu tubaki navyo, nikuongeze dawa ya moyo, tuombe Mungu. Sikufichi, ni hatari kidogo. Ndiyo nakuuliza wewe. Kushona unashonaje?"

Kofia ilikuwa kwenye mfuko, mapajani pangu. Niliichukua. Sijui kwa nini niliichukua. Huenda nilitaka bado kuitoa, niseme tazama, nami nibaki na vidonge vyangu na maneno yangu na jina langu la mshonaji. Mume wangu alikuwa amekaa kando akingoja, tayari kuisifu kazi ya mkewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hilo nimewaambia wenzangu mara ngapi!

Nikaiweka mezani, nikaigeuza nyuma. "Hivi saba ndivyo vyangu," nikasema. "Vilivyobaki ni vya wifi yangu. Vipunguze."

Daktari akaandika. Alinieleza kuhusu dawa nyingine itakayochukua miezi kabla haijashika, na kwamba katikati hapo vidole vitaniadhibu, nivumilie. Nilikuwa simsikii vizuri. Nilikuwa nangoja mume wangu aseme kitu. Aliichukua kofia, akaikagua, akaweka kidole juu ya kile kitobo cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba.

"Viko nyuma," nikamwambia. "Hakuna atakayeviona."

"Nitaigeuza," akasema. "Nitavaa nyuma mbele."

Kesho yake, kwa kuwa moyo hauna habari na ugomvi wangu, nilikwenda kwa jirani nikachukua sufuria langu. Nilimwambia yote niliyoyameza, pamoja na riba ya maneno ya mfuniko, na watu walisimama barabarani kusikiliza, wengine wakishukuru Mungu kwamba nimepona. Kisha nikaenda Dunda kumwomba radhi yule mwanamke. Yeye hakuwa na mashine. Aliniambia yake yote ya miaka sita, nami nikanyamaza mpaka akamaliza.

Nikarudi nyumbani. Nikakaa na kofia. Vidole vilikuwa vimeshaanza kukaza, sindano ilinitoka mara mbili ikaanguka mkekani, na mara zote mbili niliitafuta mwenyewe. Nilishona vitobo vitatu. Nikavitazama: vyote kombo, kimoja hata si jicho, ni kama mbegu ya tango. Sikulia. Nikaichomeka sindano, nikaitia kofia kapuni, nikajilaza palepale kwenye mkeka na kufumba macho.

Haikupita muda nikasikia kandambili za wifi. Zikasimama. Nikasikia kapu, nikasikia miwani ikitolewa kwenye ala yake. Kimya, anakagua. Halafu msonyo, mrefu, uliotoka sebuleni mpaka barazani, na wembe ukaanza kufumua.

"Najua hujalala," akasema.

"Nimelala," nikamjibu.

"Basi lala. Na kesho ushone karibu na dirisha, kapu uliache hapohapo, uzi wako huu macho yangu hayauoni."